Kiwiko kwa Kizulu

Kosa langu la kwanza Durban nililifanya kwa kujiamini kabisa. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, natoka kwenye chumba cha uani nilichokuwa nimepanga Umlazi, na mama mwenye nyumba alikuwa anafagia mbele ya mlango. Akaniuliza, "Uyaphi?" Unakwenda wapi? Kizulu changu kilikuwa cha wiki tatu tu, lakini nilijiona nimeshaujua mchezo. Mtu ni umuntu, watu abantu, maji amanzi, nyama inyama, kufika ukufika, kulala ukulala. Ile -ni yetu ya mahali wao pia wanayo, ila hutanguliza e-: nyumba ni indlu, nyumbani ni endlini. Na mji ni umuzi. Hesabu ya darasa la pili. "Ngiya emzini, Mama," nikamjibu, nikimaanisha naenda mjini.

Alicheka mpaka akaegemea ufagio. Akamwita binti yake atoke ndani, akaniomba nirudie, nami kwa upole wa mgeni nikarudia. Umuzi ni mji kweli, lakini ni ule mji tunaoutaja tukisema fulani siku hizi ana mji wake: boma la mtu, nyumba zake, ng'ombe wake, watu wake. Ukisema unakwenda emzini bila kusema kwa nani, sikio la Mzulu linamwona bi harusi amebeba mkeka anaelekea kwa wakwe. Mjini penye maduka na stendi ni edolobheni, na neno hilo limetoka kwa Makaburu. Kwa muda wote nilioishi pale yule binti aliniita umakoti, bi harusi, hata nilipokuwa nimesimama foleni ya bomba na ndevu zangu.

Miaka miwili baadaye nilikuwa mbele ya darasa nafundisha lugha hiyohiyo.

Nieleze kidogo ilikuwaje. Mimi ni Mngoni wa Songea, upande wa Peramiho. Kwetu mtoto hukua akiambiwa kwamba sisi ni Wazulu tuliopotea njia. Babu alikuwa akikoleza hadithi hiyo kila ngoma yetu ya lizombe inapochezwa: tumetoka kwa Shaka, tumevuka Zambezi mwaka 1835 jua likiwa limefunikwa, tumetembea mpaka Ufipa, tukashuka hadi hapa. Nkosi, mtawala, ni neno letu, nduna, kiongozi aliye chini yake, ni neno letu, na Songea mwenyewe, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 baada ya Maji Maji, alikuwa nduna. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kusoma isimu Durban sikujihesabu kama mgeni. Nilijiona narudi kwetu.

Mhadhiri aliyeongoza masomo ya Kizulu kwa wasiokijua, mama mmoja wa makamo ambaye sisi sote tulimwita Mama, na kumtaja zaidi ya hapo sitamtaja, alinisikiliza nikimsimulia haya yote ofisini kwake. Nilipomaliza akasema, "Ndodana, mwanangu, Zwangendaba aliyewavusha Zambezi hakuwa mtu wa Shaka. Alikuwa upande wa Zwide wa Ndwandwe, na Shaka aliwapiga. Ninyi ndio mliotukimbia." Akanimiminia chai. "Lakini karibu nyumbani."

Lugha yenyewe tuliiacha njiani. Kingoni kinachosemwa Songea leo kimejengwa kwa lugha za watu tuliowakuta, na maneno ya Kinguni, ukoo wa lugha wa Kizulu, yaliyobaki humo ni kama mifupa kwenye mchuzi. Nilikuwa na nkosi na nduna, basi. Hayo hayakunisaidia kununua mkate.

Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal kilianza kuwataka wanafunzi wa mwaka wa kwanza wasiojua Kizulu wasome somo la msingi la lugha hiyo. Katika jimbo ambalo walio wengi wanazaliwa na Kizulu, na katika nchi ambayo Kizulu ndicho lugha inayosemwa majumbani na watu wengi kuliko nyingine yoyote (asilimia 24.4 kwa sensa ya 2022), ungedhani jambo hilo lingekuwa limefanyika zamani. Halikuwa. Watu walipiga kelele magazetini, wengine wakisema wanalazimishwa, wengine wakiuliza mbona Kiingereza hawakuwahi kukiita kulazimishwa. Kwa watu wa aina yangu maana yake ilikuwa moja: wakufunzi wasaidizi walitafutwa kama sukari. Mama akaniita. Nikamwambia mimi sikuzaliwa na lugha hii. Akasema ndiyo maana ananitaka, kwa sababu Mzulu hajui Kizulu ni kigumu wapi.

Neno hilo "msaidizi" lina historia yake pale. Benedict Wallet Vilakazi, mshairi, alipoajiriwa Chuo Kikuu cha Witwatersrand mwaka 1936, alichukuliwa kama msaidizi wa lugha. Mwenye Kizulu alikuwa yeye, lakini msaidizi alikuwa yeye. Alifanya kazi na Clement Doke kwenye kamusi kubwa ya Kizulu na Kiingereza, akapata shahada ya udaktari mwaka 1946, akafariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 41, na kamusi ikatoka 1948 yeye akiwa kaburini. Mtaa wa Vilakazi kule Soweto, wenye nyumba ya Mandela na ya Tutu, ni jina lake huyo. Watalii hupiga picha kibao cha mtaa bila kujua wanampiga picha mwalimu wa lugha. Mimi nilikuwa msaidizi kwa haki kabisa, wala sikulalamika.

Darasa langu la kwanza lilikuwa na watu thelathini na kitu, na nilidhani kazi ingekuwa kwa wale wasiojua hata neno moja. Sivyo. Asiyejua kitu unamjaza kama debe. Binti mmoja aliyekuja kusoma uhandisi kutoka Mauritius alikuwa hajawahi kusikia Kizulu maishani, na kufikia Mei alikuwa anaagiza mahindi ya kuchoma barabarani na kusimulia alivyolala. Walionitoa jasho ni wale waliojua nusu.

Kulikuwa na kijana mmoja wa Kizungu, mtoto wa shambani huko bara ya jimbo. Siku ya kwanza alitangaza kwamba yeye anajua Kizulu, amekua nacho, amecheza na watoto wa wafanyakazi. Alichokuwa anajua ni Fanakalo, ile lugha ya migodini na mashambani iliyochukua maneno ya Kizulu ikayavua viambishi vyote. "Mina funa lo manzi," alisema kuonyesha mfano. Mimi taka maji. Mkenya aliyewahi kusikia wazee wakiiga Kisetla, Kiswahili cha walowezi, ataielewa mara moja: ni ndugu wa "kuja hapa" na "lete chai". Kila kitendo amri, kila mtu "wewe". Alikuwa anasema haraka, kwa lafudhi nzuri kuliko yangu, na kila sentensi ilikuwa tusi bila yeye kujua.

Nilimwonyesha kwamba Mzulu husema "ngifuna amanzi" akiwa anasema na nafsi yake au na watoto, lakini kwa mtu mzima husema "ngicela amanzi", naomba maji. Kwa Mswahili hili halihitaji maelezo, tumechapwa makofi utotoni kwa sababu ya "nataka". Kwake ilikuwa habari. Na ile "wena", wewe, ambayo kwenye Fanakalo huja mwanzoni mwa kila jambo: ukimwita hivyo mzee wa Kizulu umemfanyia kile ambacho "we!" hufanya Tanga au Lamu.

Koridoni kwetu kulikuwa na mzee mfanya usafi, mwenye miwani iliyofungwa waya sikioni. Yule kijana alipenda kumsalimia akitoka darasani, kwa Fanakalo yake, kwa furaha ya kweli. Mzee alikuwa akimjibu kwa Kiingereza. Kila siku. "Good morning, sir," halafu anaendelea kupiga deki. Kijana aliniuliza kama mzee labda si Mzulu. Nikamwambia asubiri.

Mwezi wa tatu wa masomo alipita akasema, "Sawubona, baba. Ninjani?" Hakuuliza "unjani", uko vipi wewe, aliuliza kwa wingi, mko vipi, kwa sababu mtu mzima hasimami peke yake, ukimuuliza hali umeiuliza nyumba yake yote. Mzee akaegemeza dekio ukutani. Akajibu "Yebo", ndiyo, akajibu "sikhona", tupo, kisha akaendelea: mvua, goti lake, mjukuu wake aliyeanza shule, bei ya tikiti. Dakika tano nzima. Kijana alirudi kwangu amewiva masikio, akasema ameelewa theluthi tu. Nikamwambia kwa miaka yote ya shambani hakuwahi kuambiwa hata hiyo theluthi.

Nikiwa kwenye sawubona, niseme linaloniudhi. Wanafunzi huja na maelezo waliyoyapata kwa wahamasishaji wa makongamano: kwamba sawubona maana yake "nakuona, naiona roho yako", na anayejibu "ngikhona" anasema "nipo kwa kuwa umeniona". Machozi yanawalenga. Asili ya neno ni kweli ni kuona, sisi-tunakuona, na bona yao ndiyo ona yetu iliyobaki na meno yake. Lakini Mama alikuwa na dawa ya maneno hayo. Aliniuliza mbele ya darasa, kwetu mdogo humsalimiaje mkubwa? Nikasema shikamoo. Maana yake? Nashika miguu yako. "Na lini mara ya mwisho umemshika mtu miguu?" Darasa likacheka, na tangu hapo nikalitumia swali hilo kila mwaka. Uzito wa salamu haumo kwenye mizizi ya neno. Umo katika kutoa mkono mmoja huku wa pili umeshika ule wa kwanza chini ya kiganja, katika kuangusha macho kidogo, katika kukaa chini upesi ukiingia kwa mkubwa badala ya kumsimamia kichwani. Hilo la kukaa liliwasumbua sana waliolelewa kwamba usikae mpaka ukaribishwe. Mdogo wa Kizulu huingia na kujishusha, na mwenye ofisi asiyejua huona utovu wa adabu palepale adabu inapotendeka.

Hesabu nilipenda kuifundisha kwa mikono. Anza na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, panda mpaka gumba, umefika tano. Hamia kulia: gumba ni sita, na sita kwa Kizulu ni isithupha, ambalo ndilo jina la gumba. Saba ni isikhombisa, kinachoonyesha, kidole cha shahada. Nane ni isishiyagalombili, maana yake umeacha vidole viwili. Tisa, isishiyagalolunye, umeacha kimoja. Kumi, ishumi, mikono yote imekwisha. Sisi tulipofika kwenye sita, saba na tisa tukaazima kwa Waarabu, kwa hiyo mimi mwenyewe nilijifunza kwa vidole chini ya meza kama mtoto wa chekechea. Hapa ndipo wajuaji wa mtaani, wale waliokua Durban wakijua Kizulu cha kwenye teksi, walipokwama: vijana wa mjini wenyewe husema bei na namba za simu kwa Kiingereza. Mwanafunzi mmoja wa Kihindi wa Chatsworth, kitongoji cha Durban, aliyekuwa akipiga soga kwa Kizulu cha kasi aliniambia hajawahi kumsikia mtu akisema isishiyagalolunye kwa hiari. Huenda ana haki. Kulitaja kunachukua muda kuliko kuhesabu.

(Chatsworth. Siwezi kuitaja nisiseme hili. Kuanzia 1873 meli za Kiingereza ziliwashusha Durban watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa upande wa pwani yetu. Wengi wao walikuwa Wamakua, lakini wakabatizwa jina la Wazanzibari, wakakaa Kings Rest kwenye kilima cha Bluff na msikiti wao, mpaka serikali ya ubaguzi ilipowaorodhesha kama "Waasia wengine" na kuwahamishia Chatsworth miaka ya sitini. Niliwatembelea Ijumaa moja nikiwa nimejiandaa kwa Kiswahili. Mzee aliyenipokea alikuwa na maneno machache ya Kiswahili na Kimakua kingi, na tukamalizana kwa Kizulu.)

Vidoko, zile sauti za c, q na x, watu hudhani ndio mlima wenyewe. Si kweli. Kila kinywa kinazo tayari. C ni sauti unayoifanya ukisikitika, ulimi nyuma ya meno. X ni ile ya pembeni ya shavu ya kumhimiza punda. Q ni ulimi kubanduka juu ya kaakaa kama kizibo cha chupa. Tatizo ni kuzitoa huko nje zilikozoea kukaa na kuziingiza katikati ya neno: icici, hereni, ixoxo, chura, iqanda, yai. Wiki mbili za kutema mate, zimekwisha. Kuna wataalamu wanaodhani zilienea kwa wanawake, kupitia hlonipha, ile desturi ya mke kuepuka silabi za jina la baba mkwe na wakubwa wa nyumba aliyoolewa. Baba mkwe akiwa na jina lenye silabi ya maji, huyo mke hasemi tena amanzi, atatafuta neno lingine au atabadili sauti moja, na sauti za kuazima kwa Wakhoisan, wenyeji wa kale wa kusini, zilikuwa karibu mkononi. Nilipoeleza hilo binti mmoja nyuma aliuliza, "Kwa hiyo alikuwa anajifunza lugha upya kila akiolewa?" Ndiyo. Emzini. Neno langu lilinirudia, na safari hii sikucheka.

Toni ndiyo mlima. Ithanga ni boga, na ithanga ni paja, na tofauti ni sauti kupanda na kushuka tu. Kiswahili kilishaacha toni zamani, kwa hiyo sikio langu lilikuwa bovu kuliko la mwanafunzi yeyote aliyezaliwa na Kiyoruba au Kilingala. Sokoni niliomba boga miaka miwili nikiangaliwa vibaya.

Kundi lililonifundisha zaidi ni la wanafunzi wa udaktari. Hao hawakuwa na muda wa kupenda lugha. Walikuwa wanaingia wodini. Tuliwapa maswali: kubuhlungu kuphi, panauma wapi, vuta pumzi, geuka. Wakayakariri vizuri sana. Tatizo la kuuliza vizuri ni kwamba unajibiwa. Mmoja wao alirudi kutoka hospitali moja na daftari lake: bibi mgonjwa alikuwa amesema "ngiphethwe yikhanda", naye akafungua kamusi, akakuta phatha ni kushika, kutawala, kuongoza, akaandika kwamba mgonjwa anahisi anatawaliwa na kichwa chake. Alikuwa tayari kumpeleka kwa daktari wa akili. Bibi kichwa kilikuwa kinamuuma. Sisi husema tumeshikwa na homa, na hakuna anayetafuta mikono ya homa. Siku hiyo niliacha mpango wa somo, tukakaa saa nzima na mambo ambayo mtu mzima wa Kizulu hayataji kwa jina lake: kwenda nje, ambako ni kwenda haja; kwenda esikhathini, kwenye wakati, ambako ni siku za mwanamke. Nikawaambia na za kwetu. Kijana mmoja alisema ni ajabu watu wawe na lugha mbili na aibu moja.

Na umuthi. Umuthi ni mti, na umuthi ni dawa. Sisi tulitenganisha, tukachukua dawa ya Waarabu, lakini bado tunasema mitishamba. Nilikuwa nawapeleka soko la Warwick, penye wauza magome na mizizi juu ya barabara, wasome majina tu. Daktari mtarajiwa anayejua kwamba mgonjwa wake ameshapita hapo kabla ya kufika kwake ana swali la ziada la kuuliza.

Mara moja kwa muhula tulikwenda kwenye boma moja huko Bonde la Vilima Elfu. Mama alitaka waingie ndani ya nyumba ya msonge wakiwa wameshajua: wanaume upande wa kulia, wanawake kushoto, na kule nyuma kabisa umsamo, mahali pa wahenga, hapakanyagwi ovyo. Sakafu imesiribwa kwa samadi ya ng'ombe mpaka inang'aa. Mwenyeji alionja pombe ya ukhamba, chungu cha udongo, kwanza yeye, ndipo akaipitisha. Alikuwa bibi, na Wazulu humwita bibi gogo. Sikio langu la Kiswahili halijawahi kulizoea hilo. Kila nikiamkia "Sawubona, gogo" naona nauamkia mti uliolala.

Huyo bibi alikubali kutusimulia hadithi mchana, baada ya kugoma sana, kwa kuwa anayesimulia hadithi jua likiwa juu huota pembe. Akaanza "Kwasukasukela!" na Mama peke yake akaitikia "Cosi!" Mimi kichwani nikaitikia Pakawa. Hadithi ilikuwa ya izimu, mla watu. Nilipowaambia wanafunzi kwamba kwetu anaitwa zimwi na ndiye huyohuyo, anayekula vilevile, walifurahi kuliko nilivyotarajia, na hapo ndipo niliposhikwa na tamaa. Nilianza kuwaambia kila neno lina ndugu Kiswahili. Kaya na ikhaya. Tulia na ukuthula, kunyamaza. "Sala kahle", anayoambiwa anayebaki, haina sala ndani yake, ni ile ya kusalia, baki salama. Kupiga simu kwao ni ukushaya ucingo, kuupiga waya, na simu yetu nayo kwa Kiajemi ilikuwa waya. Mama aliniacha nimalize, tukiwa kwenye basi tunarudi, akauliza kwa sauti ya chini: "Na umntwana?"

Umntwana ni mtoto, na ni cheo cha mwana wa mfalme. Mtwana kwa Kiswahili ni mtumwa wa kiume. Sikuwa na la kusema. Nilitazama vilima.

Nilikuwa na mwanafunzi kutoka Bukavu, msomi wa famasia. Alikuwa na Kiswahili chao kitamu, na tulipokutana nje ya darasa tulisema hicho. Kaka yake alikuwa analinda magari kwenye maegesho karibu na ufukwe, kazi wanayoifanya Wakongo wengi Durban, na yeye mwenyewe alimsaidia mwishoni mwa wiki. Kwa kuandika alikuwa wa mwisho darasani. Kwa kusalimia hakuna aliyemkaribia: baba, mama, mkhulu yaani babu, kila mtu na heshima yake, sauti ya chini, mkono juu ya mkono. Nilidhani ni malezi ya kwao.

Aprili 2015, wiki ambayo mpango wetu ulikuwa na sehemu za mwili, wageni walikuwa wanashambuliwa Durban. Ilianzia Isipingo mwishoni mwa Machi, ikaingia Umlazi na KwaMashu. Watu wetu wakalala kwenye mahema viwanjani. Mama mwenye nyumba wangu wa zamani alinipigia simu akaniambia nisifike kwake wiki hiyo hata kwa salamu. Darasani walikuja nusu. Yule wa Bukavu alikuja.

Sehemu za mwili nilizifundisha siku zote kwa kujigusa, kutoka juu. Ikhanda. Izindlebe. Ikhala. Umlomo. Intamo. Ihlombe. Ingalo. Nikagusa kiwiko, nikauliza kama kuna anayejua. Ni neno ambalo hakuna mgeni analijua. Hununui kitu kwa kiwiko, humsalimii mtu kwa kiwiko. Akajibu yeye, kabla sijamaliza kuuliza, kwa toni kamili ambayo mimi sikuwa nayo: "Indololwane."

Nikamsifu. Nikamuuliza amelipata wapi. Akasema ni neno la kwanza la Kizulu alilofundishwa, usiku aliofika, kabla ya asante. Kaka yake alikuwa Johannesburg mwaka 2008, vurugu zilipoanzia Alexandra. Watu walisimamishwa njiani wakaonyeshwa kiwiko wakaambiwa wakitaje kwa Kizulu. Waliouawa mwezi ule walikuwa 62, na 21 kati yao walikuwa raia wa Afrika Kusini wenyewe. Alisema hayo kwa Kizulu kibovu, kwa utulivu, nami nilikuwa bado nimeshika kiwiko changu. Yule kijana wa shambani alikuwa amekaa karibu naye. Aliinamisha kichwa akaandika neno lile daftarini, akalipigia mstari.

Nilimaliza kipindi. Isandla, umunwe, idolo, unyawo.

Mwezi Mei ulikuwa mtihani wa mdomo, mmoja mmoja, mimi na Mama mezani. Nilikuwa nagusa, mwanafunzi anataja. Alipoingia wa Bukavu alisalimia kwa wingi, akakaa upesi, akaweka mikono magotini. Nikaanza kichwani, nikashuka. Bega. Mkono. Nikaenda moja kwa moja kwenye kiganja. Akataja isandla, akasita, akamtazama Mama kisha mimi, akaniambia kwa Kiswahili, polepole, kama anayemkumbusha mwenye duka chenji yake:

"Mwalimu, umeruka moja."